Ukuta Unaotembea

Sebule yetu hutoka nje kama mtoto wa meza:
nabonyeza kitufe, mota ndogo inakoroma,
ukuta unasogea futi tatu kuelekea shamba la watu,
na kochi, na dirisha, na wewe, Delbert, juu ya kochi,
mnatoka nje bila kuinuka.

Wahenga walituachia neno juu ya ufa na ukuta.
Hawakutuachia neno juu ya ukuta unaotembea,
unaotoka siku ya kufika na kurudi siku ya kuhama,
ukijisugua kila safari kwenye mpira ule ule
miaka kumi na minne.

Mvua ya Oktoba hapa Drayton haina haraka.
Iliingilia kona ya juu, kushoto,
ikateremka nyuma ya karatasi ya ukutani,
nami nikaijua kwa harufu kabla ya kuiona:
harufu ya soksi, ya mbao iliyokata tamaa.
Nilibonyeza sakafu kwa kidole gumba.
Kidole kikazama.

Basi Jumapili, matope yalipoyashinda matrekta
na mavuno ya viazi-sukari yakasimama,
nikapanda ngazi na kisu cha plastiki
(cha chuma kitachuna rangi, alionya Bi Thorvaldson wa kiwanja namba tisa,
ambaye hulionya hata jua).
Mpira wa zamani ulitoka vipande vipande,
mkavu, umepasuka kama kisigino cha kiangazi,
pengine umegeuka masizi viganjani mwangu.
Gundi yake ndiyo iliyokuwa na kiburi.
Nikaikwangua. Nikaipaka spiriti. Nikaikwangua tena.
Saa nne nzima, kwa mstari usiozidi urefu wa watu watatu.

Mpira mpya ulikuja ndani ya boksi, umejiviringa
kama nyoka aliyeshiba.
Nikaukata ncha kwa mshazari, nikaharibu kona moja,
nikatukana, nikakata nyingine.
Usiuvute, yalisema maelezo: ukiuvuta leo, kesho utanywea.
Nikaubandika shubiri kwa shubiri,
kwenye kona nikajaza silikoni
nikailainisha kwa kidole chenye sabuni.
Zamani kazi hii ilikuwa yako.
Mimi nilikuwa wa kushika ngazi
na kusema, kidogo kulia.

Usiku nikakupa tochi.
Kaa ndani, nikasema, mulika kingo zote, polepole,
mimi nitazunguka nje nitafute mwanga unaovuja:
panapotoka mwanga ndipo patakapoingia maji.
Ukaitikia vizuri, kama fundi.

Nikazunguka. Baridi ya kung'ata masikio.
Juu: giza. Ubavuni: giza.
Kona ya kushoto, ile jeuri: giza totoro.
Nilifurahi, Delbert. Nilicheka peke yangu matopeni,
lori tupu likapita barabarani, nikalipungia mkono
kama mwendawazimu.

Nilipoingia ulikuwa kwenye kochi,
tochi mapajani, imezimwa,
koti umevaa, kofia umevaa.
"Umeme umekatika," ukaniambia.
"Namsubiri Verla. Yeye anajua pa kubonyeza."

Sikukujibu mara moja.
Nilitafuta kazi ya kufanya na kamba za buti.

Kisha nikaiwasha tochi, nikaitundika kwenye ndoano ya pazia
ibembee yenyewe huku na huku,
nikakufunga skafu, nikakushika mkono,
tukatoka wote wawili.
Tukatembea ubavuni kwa nyumba yetu kama wezi wazee.
Mimi sikuona kitu; miwani ilikuwa imeingia ukungu.
Wewe ndiye uliyesimama.
Kona ya juu, kushoto, uzi mmoja wa mwanga,
mwembamba, wa kushonea kifungo.
Ukainyoosha mikono yako mirefu, ukauwekea kidole.
"Hapa," ukasema, kwa sauti yako ya zamani ya kazini,
"hapa mpira haujabana.
Nani aliyefanya kazi hii?"

Sijui, nikasema.
Usiondoe kidole. Nakwenda kuleta silikoni.